Vinywa vya Wanafunzi, Sauti Yangu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimedharauliwa mbele ya walimu wenzangu. Mkuu wa shule, Mwalimu Luhaga, ametangaza kikaoni kwamba somo la Kifaransa liko kwenye mizani. Siku ya wazazi, Jumamosi ya wiki ijayo, mimi na Mwalimu Josia wa Kiingereza tutaonyesha video zilizotengenezwa na wanafunzi wetu. Kwa wakati mmoja! Runinga yake baraza la mashariki, yangu baraza la magharibi, uwanja katikati. Watakakojaa wazazi ndiko kwenye ushindi. Hivyo ndivyo ngoma za Kisukuma zinavyoshindana: makundi mawili hucheza pamoja, na watu huhukumu kwa miguu yao.

Nilisimama kupinga. Nilisema elimu si ngoma. Nikataja wanafalsafa watatu. Luhaga akaniuliza ni nani kati ya hao watatu aliyewahi kuvuta watu hapa Bariadi. Kicheko! Josia alicheka kuliko wote.

Nikishindwa, Kifaransa kinafutwa mwakani, na mimi, mwalimu wa kujitolea, ninafutika nacho. Nitarudi Nyalikungu, dukani kwa mjomba Hamimu, kupima sukari. Shahada ya lugha, halafu sukari! Na mama amekwisha kuwaambia majirani kwamba mwanawe Muksini huzungumza na Wazungu kila siku.

Sitashindwa.

Jumatano, 16 Julai

Nyanjige wa kidato cha tatu, kiongozi wa darasa langu, amekuja na hadithi ambayo wanafunzi wameiandika wenyewe kwa Kifaransa. Ng'ombe amepotea Mwamapalala, kijiji kizima kinamtafuta. Nimeisoma. Ina makosa, tena ina ng'ombe. Niliwaeleza kwamba Kifaransa ni lugha ya diplomasia. Salu, ambaye hana adabu ya kitaaluma, akataka kujua kama wanadiplomasia hawanywi maziwa.

Nimewaandikia mchezo mwingine. Mkahawa jijini Paris, wateja wanajadili maana ya uhuru. Nyanjige akauliza uhuru huo utaonekanaje kwenye video. Swali la kitoto kabisa. Nimelifikiria mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 18 Julai

Tumerekodi. Chai ya rangi badala ya kahawa. Maandazi yaliyopindwa kama mwezi mchanga, yafanane na vitafunwa vya Paris. Salu aliyala yote kabla ya tukio la pili, akajitetea kwamba mteja halisi hula.

Maneno hawakuyakosea. Lakini matamshi! Wanasema Kifaransa kana kwamba wanaita mifugo irudi zizini. Josia akapita, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, ngosha," kisha akauliza kwa upole kwa nini watu wa Paris wanaonekana kama wamefiwa. Video yake inamhusu msichana anayenunua kitenge sokoni. Kitenge! Nilimwonea huruma.

Jumapili, 20 Julai

Wanafunzi wamekwenda kuwasaidia wazazi kuvuna pamba. Mimi nimejifungia stoo ya vitabu na kompyuta ya shule. Nimefuta sauti zao, nikaweka yangu. Zote! Wateja, mhudumu, hata bibi kizee wa meza ya pembeni, ambaye nilimpata kwa kubana pua. Matokeo yanatia fahari. Hicho ndicho Kifaransa.

Dhamiri ilinigusa kidogo. Nikaijibu: nani Bariadi hii anajua Kifaransa, hata atambue? Dhamiri ikanyamaza. Hoja yangu haina tundu.

Jumamosi, 26 Julai

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Wazazi walikuja kwa wingi, wengine kutoka Migato na Mwamapalala. Mwanzoni walijaa kwa Josia. Kile kitenge! Akina mama walikuwa wakimpigia msichana kelele asikubali bei ile. Kwangu palikuwa na familia za wanafunzi wangu tu, na mbwa.

Kisha Nyanjige akafungua kinywa kwenye runinga, na ndani yake nikatoka mimi. Sauti ya mwanamume aliyeshiba. Akafungua kinywa Salu: mimi. Akafungua Siwema, mhudumu wetu wa mkahawa, msichana mwembamba kama ufito: mimi. Mdogo wake Siwema akaanza kulia, akidai mwalimu yumo tumboni mwa dada.

Hawakuhitaji Kifaransa. Kila mzazi anaijua sauti ya mwanawe. Jambo hili halimo katika kitabu chochote nilichosoma.

Bibi Minza, nyanya yake Nyanjige, akanyanyuka na fimbo yake. "Wewe kijana! Sauti ya mjukuu wangu umeiweka wapi?"

Nikamweleza kwamba ni teknolojia. Akanijibu kwamba jina la dawa yangu halimhusu, yeye anataka sauti. Alisema kwa nguvu, tena kuelekea uwanjani. Watu wakageuka. Wakaanza kuvuka. Msichana wa kitenge akabaki anapatana bei na viti vitupu. Hata Josia aliiacha runinga yake, akaja kusimama mbele kabisa.

Bibi akaniamuru nitamke kwa kinywa changu kwamba nairudisha. Nilimtazama Luhaga aniokoe. Luhaga alikuwa akitazama mawingu. Mwezi wa saba! Mawingu gani?

Nikasema, "Nairudisha sauti ya Nyanjige."

Hawakusikia nyuma, akasema bibi. Nikarudia kwa sauti kubwa. Baba yake Salu naye akataka ya kwake. Mama yake Siwema akauliza kama binti yake ni yatima, hana wa kumdaia. Nikarudisha. Mmoja baada ya mwingine, darasa zima, kama dalali wa mnada wa mbuzi. Mimi, msomi, niliyewahi kuandika tasnifu ya kupinga ushirikina!

Bibi hakuridhika. Akamwita mjukuu wake aseme, wasikie kama mwalimu amerudisha yote au ameficha nyingine mfukoni.

Nyanjige akasimama. Bila karatasi, kwa Kifaransa, akaanza kusimulia habari za ng'ombe aliyepotea. Mikono yake ikawa pembe. Salu akawa ng'ombe bila kuombwa. Siwema akawa mwenye ng'ombe, analia, anaulizia nyumba kwa nyumba. Watu walicheka mahali pa kucheka, wakanyamaza mahali pa kunyamaza, na ng'ombe alipopatikana vigelegele vilifika barabarani. Mwanzoni nilikuwa nikihesabu makosa. Baadaye niliacha. Uwanja ule una vumbi jingi, na macho yangu si imara.

Jumapili, 27 Julai

Sijatoka nje. Nilipofungua dirisha, watoto wawili wa jirani walikuwa wakicheza mchezo mpya. Mmoja anaiba sauti, mwingine anaidai.

Luhaga alikuja kunijulia hali. Kifaransa kinabaki! Wazazi wengi wameomba watoto wao wafundishwe. Hadithi ya ng'ombe irekodiwe, itapelekwa kwenye maonyesho ya shule za mkoa. Kwa sharti moja: sauti yangu isisikike tena katika kinywa cha mwanafunzi.

Nilimshukuru, kisha nikalalamika kwamba Bibi Minza amenifanya mchawi mbele ya umma. Luhaga alicheka mpaka akashika mlango. Akaniambia bibi yule ujanani alikuwa ningi, kiongozi wa ngoma, na aliwahi kuwanyang'anya wanaume mashuhuri kuliko mimi watazamaji wao. Uchawi gani? Nyumbani kwake kila jioni hutazama filamu za kigeni zilizotafsiriwa, mtu mmoja akiwasemea wote, wanawake kwa wanaume. Aliona upande wa mjukuu wake hauna watu. Akauvutia watu.

Kwa hiyo nilikiri hadharani wizi ambao bibi mwenyewe hakuuamini. Nimejifunika shuka mpaka kichwani.

Jumatatu, 28 Julai

Nimewaomba wanafunzi radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipowaona nikasahau yote isipokuwa neno "samahani". Nyanjige akasema, "Wabeja, mwalimu," asante iliyotoka moyoni. Kisha akaniomba nisogee, nilikuwa nimesimama mbele ya kamera.

Jumatano, 30 Julai

Video imekamilika. Nzuri, nakiri. Wameifanya bila mimi. Imenifundisha unyenyekevu, na nimeuandikia unyenyekevu huo aya nne.

Nimelitafakari pia sharti la mkuu wa shule, kwa utulivu, kama anavyopaswa mtu aliyesoma. Linakataza sauti yangu katika kinywa cha mwanafunzi. Kuhusu kinywa changu mwenyewe halisemi lolote. Hivyo nimerekodi utangulizi mfupi, nikiwa nimeketi, nimevaa tai, nikiwafafanulia watazamaji namna ya kumwelewa ng'ombe. Nimegusia wale wanafalsafa watatu. Umekuwa mrefu kuliko video yenyewe, lakini hapo lawama si yangu. Video ni fupi mno.