Jinsi Nilivyomkwepa Dalali wa Bima

Jumanne, 8 Septemba
Balaa! Asubuhi mwoka mikate wangu, Marlys Tetzlaff, aliweka mti wa kusukumia unga mezani na kutangaza kwamba kifundo cha mkono wake wa kulia kimekufa ganzi. Daktari ameagiza kipasuliwe. Bima hana. Kurt Bendtsen, mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara, amewakatia bima wafanyakazi wake wote. Marlys akaniambia mbele ya wateja, "Mzee, mwezi ujao ukianza nikiwa bila bima, utanipungia mkono nikiwa dirishani kwa Bendtsen."

Bila Marlys hakuna kringli, na bila kringli, ule mkate mtamu wa duara, duka langu ni chumba chenye joto tu. Miaka thelathini na moja nipo hapa Racine, Marekani, na unga ule haujawahi kuitii mikono yangu. Yeye huukunja kama anayekunja shuka za malkia. Hadi leo humtazama nikasahau kufunga mdomo.

Bima itapatikana. Lakini si kwa dalali! Dalali hali hewa. Anachokula kitatoka kwangu. Serikali ina soko lake la bima mtandaoni. Hila yangu: nimnyonye dalali maarifa yake, kisha nikanunue serikalini.

Jumatano, 9 Septemba
Nilimwalika kahawa Verna Oleson, dalali wa bima, ambaye huimba sauti ya pili kanisani kwetu. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki mwenye wafanyakazi wanne. Akauliza kama mmoja wao anaumwa kifundo cha mkono. Nilikohoa.

Lakini mwanamke yule ni ajabu! Hakufungua karatasi hata moja. Alizitaja bima kama mwalimu anayeita majina ya darasa lake: hii mchango wake ni mdogo, ila ukiugua utajilipia sana mwanzoni, hii hospitali yetu haiipokei, ile inataka kwanza barua ya daktari. Na madaraja yake: shaba, fedha, dhahabu! Nilidhani bima ni makaratasi. Kumbe ni hazina ya wafalme. Niliandika yote kwa siri chini ya meza, juu ya mfuko wa unga.

Alikula vipande vitatu. Mlangoni akasema, "Holger, msalimie huyo rafiki yako. Akitaka bima ianze mwezi ujao, mwisho wa kujiandikisha ni tarehe kumi na tano."

Alhamisi, 10 Septemba
Mfuko ulilowa siagi. Limesalia neno moja tu: "fedha". Sikujali. Nikaingia soko la serikali.

Taifa kubwa namna hii, na bado linataka kujua jina la duka langu! Nilijihisi mtu. Nikajaribu kumwandikisha Marlys peke yake. Likakataa. Nikapiga simu. Akapokea dada mwenye sauti tulivu, akanieleza mara nne, bila kuchoka, kwamba kila mfanyakazi wa muda wote sharti apewe nafasi, si yule anayeumwa tu. Nikauliza itakuwaje nikiwaita wale watatu vibarua. Kisha akasema, "Baba, simu hii inarekodiwa."

Nilivua kofia. Sijui kwa nini. Hakuwa ananiona.

Jumatatu, 14 Septemba
Kesho ndiyo mwisho. Asubuhi nilimwona Marlys ng'ambo ya barabara, akicheka na Bendtsen. Nikakimbilia kompyuta, nikajaza kila ukurasa. Jibu likaja: duka langu linastahili! Nikasimama wima. Nikabonyeza.

Soko la serikali likaniarifu, kwa adabu kubwa, kwamba bima yenyewe nikanunue kwa kampuni ya bima au kwa dalali aliyesajiliwa nalo. Nikaandika mtaa wangu. Orodha ya madalali ikatokea. Wa kwanza: Verna Oleson. Na picha. Anatabasamu.

Nilimpigia. Alicheka mpaka akaniomba radhi. Malipo yake? Kampuni ya bima ndiyo humlipa. Mchango wangu ni uleule, nimwendee nisimwendee. Karibu wiki nzima nimemkimbia mtu wa bure! Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza kila kitu. Wafanyakazi wote wanne wakatia sahihi. Marlys alisoma kila mstari, akaikunja nakala yake mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni na kuufunika mfuko kwa kiganja.

Ijumaa, 2 Oktoba
Bima ilianza jana. Leo Marlys ameniambia atapasuliwa tarehe kumi na tatu, kisha atapumzika wiki sita. Wiki sita! Haikunipitia akilini kwamba mtu akipewa bima ataitumia.

Nikapiga simu hospitali. Nikabana pua, nikasema mimi ni mjomba wa Marlys, na familia inaomba upasuaji uahirishwe hadi baada ya Krismasi. Muuguzi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Bwana Holger Ravnsborg, kringli yetu ya leo bado ipo?"

Ijumaa, 23 Oktoba
Marlys alikuja Jumanne, mkono umefungwa hadi kiwiko. Nilimpa kahawa. Akakigusa kikombe kwa ncha za vidole vya mkono ule, akasema, "Moto." Akarudia, "Moto, mzee!" Machozi yakamlengalenga. Vidole vimerudi.

Kisha akaketi kwenye kiti kirefu, akaniongoza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Kunja. Pumzisha. Kunja. "Huo ni unga, mzee, si zulia la kukung'utwa. Anza upya." Nilianza upya mara tatu. Tabaka thelathini na sita, na siku tatu za kuupumzisha.

Leo niliuoka. Nikakata kipande, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Tabaka nyembamba kama kurasa za Biblia, kila moja imejitenga na mwenzake, na mwanga unapita katikati. Miaka thelathini na moja nimeuza kitu hiki, na sikuwahi kukiona. Nilisimama pale mpaka mteja akagonga kengele.

Ndipo wazo likanijia. Thelathini na sita, sawa. Lakini nani huzihesabu? Kuanzia kesho, kumi na nane. Marlys yuko likizo. Hatajua.