Anatafutwa Mwalimu wa Kiekiti

Grrr, grrr, grrr. Gizani, ndani ya bakuli la enameli, simu ilikuwa ikitetemeka na kuzunguka kama panya aliyetumbukia kwenye sufuria tupu. Ibidun huiweka humo makusudi, kwa sababu kati ya kelele za mafuta na midomo ya wateja wake, simu ikilia mfukoni haisikiki. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na mwanga pekee hapo upenuni ulikuwa wa moto chini ya karai. Akapapasa, akafuta vidole kwenye kitenge, akamkaza mwanawe Tireni mgongoni, akaisimamisha simu penye kopo la chumvi ili itazame karai.

Kwenye kioo akatokea Ireti, binti wa miaka saba, amevaa sweta na soksi ndani ya nyumba yao huko Dublin. Ibidun akamuuliza kwa Kiekiti, lugha ya kwao Ijero, Nigeria, ameshindaje. Ireti akapunga mkono, akatabasamu, akanyamaza. Ilikuwa siku ya kumi na mbili ya masomo, na siku ya kumi na mbili ya kunyamaza.

Kichwa cha mama yake, Sumbo, kikaingia kando ya kioo. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Alimshukuru sana Mama Tireni kwa moyo wake, ila Pasaka ndiyo hiyo, na mtoto hajatoa hata neno moja. Yupo mwalimu Lagos, ana cheti, ana vitabu vya picha. Kama leo Ireti hatasema kitu, kesho atampigia huyo. Halafu akaenda jikoni kwake kugeuza wali, akamwacha mtoto na simu.

Pale kwenye benchi, mabingwa watatu wa kijiwe wakaacha kutafuna akara zao, zile bajia za kunde.

"Lagos," akasema Mzee Redio, mgema wa mvinyo wa mnazi. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, kwa hiyo siri zake zote husikika mpaka msikitini. "Kiekiti kinafundishwa Lagos siku hizi?"

"Ndiyo maendeleo, mzee wangu," akajibu Seneta. "Kesho kutwa watu wa Ijero tutaagiza viazi vikuu kutoka Ulaya."

Seneta hajawahi kugombea hata uongozi wa foleni. Ni dereva wa bodaboda, lakini kila jambo analolisema hulisema kama yuko bungeni, na ndiye aliyeleta balaa hili lote. Siku kumi na tano zilizopita alikuja hapa na simu yake juu, akasoma tangazo kutoka kundi la wana-Ijero waliotapakaa duniani: anatafutwa mwalimu wa Kiekiti, kile cha Ijero hasa, si Kiyoruba cha vitabuni, amfundishe mtoto kwa simu ya video. Awe na subira.

Sababu ilijulikana mtaa mzima. Bibi Oyeladun, nyanya yake Sumbo, ambaye nyumba yake iko mlango wa tatu kutoka kwenye karai, aliuza vitambaa Lagos miaka thelathini na kubishana bei kwa lugha nne. Sasa uzee umezing'oa moja moja kama meno. Kiingereza kilitangulia, kikafuata Kihausa, mwisho hata Kiyoruba cha redioni. Kimebaki Kiekiti cha utotoni tu. Pasaka hii kitukuu chake anakuja kumwona kwa mara ya kwanza, na labda ya mwisho, na Sumbo hataki wakae wanatazamana kama picha mbili ukutani.

Basi siku ile benchi liliwaka. Kila mmoja alikuwa mwalimu. Redio alisema Kiekiti kilizaliwa kwenye ukoo wao, wengine wameazima. Seneta akasema aliyeazima arudishe. Wakabishana ni kijiji kipi kinachosema sawasawa, wakafika Ado, wakafika Efon, wakawatukana watu wa Efon ambao hawakuwepo kujitetea. Mwisho Sumbo, aliyekuwa akiwasikiliza kwenye simu ya Seneta, kwa adabu ya waliolelewa vizuri akasema kila mzee ajaribu siku moja.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Fimbo, mkuu wa shule mstaafu, anayekunywa uji wake kwa kijiko hata ukiwa mwepesi. Yeye alikuwa na kanuni moja: hamfundishi mtoto ambaye hajamsalimu. Apige magoti kwanza, amwamkie kwa salamu ya jioni ya mtu mzima aliyeketi, kwa Kiekiti. Sumbo akamweleza kwamba mtoto hajui hiyo salamu, ndiyo sababu anatafutiwa mwalimu. Mwalimu akajibu kwamba ajifunze kwanza, akishajua aje amsalimu, ndipo atamfundisha. Wakatazamana nusu saa, mzee huku na mtoto kule, mpaka kifurushi cha intaneti kikaisha.

Redio yeye aliambiwa Dublin ni mbali, kwa hiyo alipaza. Jirani wa Sumbo aligonga ukuta mara mbili. Alianza na kutaja ukoo wake, na alipofika kwa babu yake wa tano, mtoto alikuwa amelala na sweta lake.

Seneta alifundisha saa nzima, akatoka jasho, akajipongeza. Ibidun ndiye aliyemnong'oneza kwamba somo zima amelitoa kwa Kiingereza. Haamini mpaka leo. Lakini afanyeje? Wanawe watatu aliwapiga marufuku kusema Kiekiti ili wawe watu wa maana, na hata mbuzi wake humfukuza kwa Kiingereza.

Siku hiyo hiyo Ireti alinyoosha kidole kwenye kioo, kupita bega la Seneta, akamuuliza mama yake kwa lugha yao ya huko: yule anayekaanga ni nani? Namtaka yule.

Ndivyo Ibidun alivyoupata ualimu. Cheti chake cha sekondari alikitafuta kwenye darasa la jioni la watu wazima, tumbo la mimba ya Tireni likigusa dawati, na hajawahi kumwambia mtu kwamba anatamani kufundisha. Sumbo alipomwandikia ujumbe wa kwanza, ulianza na neno "Mwalimu". Aliusoma mara tatu, kisha akaufungua tena usiku amwoneshe Tireni, ambaye alijaribu kuula.

Shida ni kwamba hakujua mtu hufundishaje. Kwa hiyo alisema tu mikono yake inachofanya. Sasa namenya kunde. Sasa natia kitunguu. Sasa natia chumvi, hii haitoshi, hii imezidi, Mungu nisaidie. Mafuta haya hayajapata moto. Huyu anasema nimpe tano, jana alisema tano akachukua sita. Ireti alikuwa akisikiliza, kidevu juu ya viganja, macho makubwa. Na hakusema kitu.

"Tatizo ni utaratibu," akasema Mwalimu Fimbo sasa, akikisawazisha kijiko chake. "Nimekaa hapa siku kumi na mbili. Sijaona alfabeti. Sijaona zoezi. Mama Tireni, samahani, lakini kumkaangia mtoto bajia si kumfundisha."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Ibidun, akakunja goti kidogo kwa heshima. Lakini maneno yale yalimwingia. Alimimina kijiko kingine cha kunde kwenye mafuta, akamtazama Ireti pembeni mwa jicho. Akamwambia polepole, kwa Kiekiti: hiki ni kijiko. Sema kijiko. Ireti akakitazama kijiko. Akamtazama yeye.

"Umeona sasa," akasema Mwalimu.

"Mwalimu, wewe usinifanye nicheke na mdomo umejaa," Seneta akadakia. "Utaratibu wako tunaujua. Mimi nilikuwa darasa la tatu kwako. Nikaomba ruhusa niende chooni. Nikaomba kwa Kiekiti, maana haja yenyewe ilikuwa ya Kiekiti. Ukasema, iombe kwa Kiingereza."

"Ilikuwa sheria ya shule."

"Nikaanza kukitafuta hicho Kiingereza. Nikatafuta, nikatafuta. Kabla sijakipata, mambo yakajimaliza yenyewe pale pale kwenye kaptula. Halafu ukanichapa kwa kulowesha sakafu ya serikali."

Redio hakusikia vizuri, akauliza nani amelowesha serikali. Akarudiwa kisa sikioni, upande ulio mzima. Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Ndiyo maana wanangu nimewapa Kiingereza mapema," Seneta akamalizia, na hapo hakuwa anacheka sana. "Wakibanwa, wawe nacho tayari."

Mwalimu Fimbo aliweka kijiko chini. Alikizungusha kikombe chake mara moja, mara mbili. Wanaomjua walisubiri methali, lakini haikuja. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba nao walimu waliambiwa ndiyo njia ya kumtoa mtoto shambani, wakaamini, wakawachapa kwa imani. Kisha akageuka.

"Wewe Mama Tireni, huyo wa mgongoni unambembeleza kwa lugha gani?"

Ibidun angeweza kudanganya; giza lilikuwepo. "Kwa Kiingereza, Mwalimu. Nilinunua na ile chati ya herufi, nikaibandika juu ya kitanda. Nimeacha wiki mbili hizi tu, tangu nianze na Ireti. Naona aibu kumsemesha mtoto wa mwenzangu Kiekiti, halafu wangu namgeuzia ulimi."

"Basi kumbe sote wachawi," akasema Redio, na alidhani amenong'ona.

Ikawa kama amemwaga petroli. Seneta akasema yeye si mchawi, yeye ni mwathirika. Mwalimu akasema mwathirika hafugi mbuzi wa Kiingereza. Redio akashauri wampigie Sumbo wote kwa pamoja, wamwambie Ijero imekataa mwalimu wa kutoka Lagos, na kama ni cheti, mfalme atoe cheti. Seneta akajiteua kuwa msemaji. Mwalimu akauliza atasema kwa lugha gani. Tayari watu wawili waliosimama kununua wakachukua pande, mmoja mama muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara, ambaye alisema mtoto yule labda ni bubu, apelekwe hospitali kwanza ndipo apelekwe kwa mwalimu.

Ibidun alikuwa ameinua kijiko cha matundu, mafuta yakidondoka. Miaka minne anakaanga mbele ya benchi hili, hajawahi kuwakatiza.

"Si bubu," akasema. "Wazee wangu, nisameheni, lakini mwacheni mtoto. Huyu Tireni ana miezi kumi. Namsemesha kutwa kucha, namwambia hii chumvi, huu moto, hajanijibu hata siku moja. Na yeye nimpeleke Lagos?"

Mama wa ndizi akamtazama Tireni, na Tireni akampa tabasamu la ufizi.

"Mtoto anakusikiliza kwanza," Ibidun akaendelea haraka, kwa sababu alijua saa imekwenda na Sumbo anarudi kutoka jikoni muda wowote. "Anakusikiliza mpaka awe na haja. Huyu Ireti ana haja gani na neno kijiko? Kijiko anakiona. Mimi sina vitabu vya picha. Lakini kila saa moja ya jioni anakaa hapo, hajawahi kuchelewa, hajawahi kusinzia. Mtu asiyejifunza angekuwa ameshatoroka. Mwalimu, wewe waliokutoroka si unawajua?"

"Mimi hapa wa kwanza," akasema Seneta.

Redio akapiga paja. Mwalimu Fimbo, kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe kile, akacheka hadi miwani ikamshuka puani. Halafu, kwa kuwa hakuna anayeshindwa kwenye benchi lile, akapinga: alisema hoja ni nzuri ila mfano ni dhaifu, kwa maana Tireni hana meno na lugha inahitaji meno. Redio akadai babu yake wa tano hakuwa na jino hata moja na alihutubia vita. Seneta akataka kujua babu huyo alikuwa wa tano kutoka juu au kutoka chini. Mama wa ndizi akaweka sinia lake chini ili abishane vizuri. Ibidun naye akageuka kabisa, mgongo kwa karai, kijiko kikichora hewani, akiwaeleza wote wanne kwa mpigo kwamba jino si kitu, kitu ni sikio. Hakuna aliyetazama moto.

Sumbo alirudi kwenye kioo, mwiko mkononi, akafungua mdomo aage.

Sauti ikamtangulia. Ilitoka penye kopo la chumvi, nyembamba, haina haraka, Kiekiti cha Ijero kitupu, na ile sauti ya puani anayoitia Ibidun anapokuwa na wateja wengi:

"Mama Tireni, akara zinaungua."