Ruta ya Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu kapiga simu ya video kutoka huko mbali anakofanya kazi. Mtoto ameanza maneno! Amesema "mama," amesema "baba," sasa midomo inatafuta la tatu. La tatu ni "bibi," nani asiyejua? Na bibi ni mimi. Balaa ni kwamba tupo wawili.

Wa pili ni mkwe, mama wa mke wa mwanangu. Alikuja kutibiwa goti, tukasema karibu. Goti limepona zamani, mwenyewe bado yupo, chumba cha mbele. Ruta, kile kisanduku cha kurusha intaneti, ipo sebuleni, naye anashinda kando yake kama kuku anayeatamia. Simu yake picha inang'aa! Mimi chumba changu ni cha mwisho, nyuma ya jiko na stoo. Nikipokea huko, mwanangu anaganda mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno. Sasa mtoto anaona sura ya nani kila siku? Nimemsikia kwa masikio yangu: "Sema bibi! Sema bibi!" Mwizi wa mchana kweupe.

Nimeingia stoo kwa hasira. Ndani ya beseni la pasi mbovu nimeikuta ruta ya zamani, ile tuliyobadilishiwa. Waliniambia nitupe. Mimi nitupe kitu chenye taa! Ruta mbili, waifai mara mbili. Haihitaji shule hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipangusa, nimeichomeka chumbani kwangu. Taa zote zimewaka. Simu imeiona, alama zimejaa mpaka juu! Nikafunga kilemba kizuri, nikakaa wima, nikampigia mwanangu. Hakuna kitu. Inazunguka tu.

Nikampigia kitindamimba wangu kazini. Ni muuguzi, tunaishi naye hapa. Akasema Mama, hiyo bila waya kutoka ruta mpya ni bomba lisilo na maji. Tena usiunge waya kwanza, lazima ibadilishwe mipangilio, la sivyo zote mbili zitataka kuwa mkuu wa nyumba. Nisubiri Jumamosi, atakuwa mapumziko. Nikamjibu kuwa wakuu wawili tunao tayari na hajafa mtu. Akakata simu, eti mgonjwa anaita. Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Jumatano, 5 Machi

Jumamosi? Mtoto atakuwa ameshasema!

Nimenunua waya mrefu kwa fundi redio. Nikautandaza chini ya zulia la korido, magoti yanalia. Mkwe akauliza natafuta nini pale chini. Nikasema hereni. Akanitazama masikio. Hereni zote mbili zinaning'inia. Akasema, "Pole, mkwe, utaiona tu." Maneno ya kejeli hayo.

Nikaunga. Pu! Intaneti ya nyumba nzima imekufa. Mkwe alikuwa kwenye tamthilia yake, bwana harusi ndiyo kwanza anafungua kinywa kutaja anamtaka dada mkubwa au mdogo. Akaganda hapo hapo! Mkwe alipiga ukelele kama ameposwa yeye. Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo na shuka.

Kisha nikakumbuka. Mtoto akisema leo, hata mimi sisikii. Nikachomoa mbio. Mkwe akaja kuuliza kulikoni. Nikamwambia mvua hiyo. Akafungua pazia. Jua linaunguza. Watu wengine wana tabia ya kufungua mapazia.

Jumamosi, 8 Machi

Kitindamimba ameshika kazi, lakini kwanza amenisema. Nani alikwambia uunge, Mama? Nikamwambia afanye kazi, asilete hotuba.

Amechoma pini kwenye kijitundu mpaka ruta ikasahau mambo yake yote. (Ningempata mtu wa kumchoma mkwe hivyo.) Akaiunga na kompyuta yake, akaipa namba yake yenyewe isigongane na ile mpya, akaikataza kugawa namba kwa simu za watu. Kugawa ni kazi ya mkubwa, hii ipokee na kupitisha tu. Waya akauhamisha kutoka tundu la pembeni akautia kwenye moja ya yale manne yaliyopangana. Ruta akaiweka kwenye rafu ya korido, karibu na jiko.

Jamani! Mwanangu ameonekana hadi chunusi! Nimecheza na mwiko mkononi. Mtoto tu ndiye alikuwa amelala.

Jioni msiba. Mkwe amegundua! Simu yake inashika jikoni. Inashika koridoni. Inashika mlangoni kwangu! Alikuwa amefungwa sebuleni kama mbuzi, na mimi kwa mkono wangu nimemrefushia kamba. Amezunguka nyumba nzima na simu yake, anacheka. Akanishukuru. Kunishukuru, mimi!

Jumapili, 9 Machi

Mapema nimeihamishia ruta chumbani. Nimeitia kwenye sanduku langu la bati, nyaya zikapita pembe iliyoliwa na kutu, nikafunga kufuli. Ufunguo shingoni. Sasa ni ya kwangu peke yangu.

Simu ikaita. Mtoto yupo macho, mashavu hayo! Akafungua kinywa. Akaganda! Nikatikisa simu, nikaipiga kofi, nikatimua mbio koridoni na kiatu kimoja.

Nani anakuja mbio upande wa pili? Mkwe, simu mkononi, goti linachechemea. "Mkwe! Njoo upesi, anataka kusema! Usikose!" Yangu ilipoganda walimpigia yeye; alikuwa na mtoto peke yake, picha safi, akaacha kila kitu kunifuata mimi. Na kadiri anavyonikaribia picha inakatika. Tukarudi kinyumenyume hadi mlango wa sebule, tukabanana shavu kwa shavu mbele ya kile kioo kidogo. Mtoto akatutazama. Akatoa povu la mate.

"Bi-bi!"

Tulipiga kelele! Tukakumbatiana, tukarukaruka, na goti lake lile la hospitali likaruka kuliko yangu. Ametengeneza chai, nami nimempa kikombe kisicho na ufa. Nimejiambia: basi, mama, vituko vimekwisha. Huyu ni mtu mwema.

Jumatatu, 10 Machi

Kitindamimba amelikuta sanduku. Amecheka mpaka amekaa chini. Akasema bati na chuma vinazuia waifai, nilikuwa nimeifunga ruta jela. Ameirudisha kwenye rafu.

Mwanangu amepiga. Mtoto amemwita paka "bibi." Ameita na ndoo. Haidhuru, wa kwanza tulikuwa sisi. Mkwe amekoroga chai akasema, taratibu, kwamba ukweli macho ya mtoto yalikuwa upande wake. Upande wake! Mtoto alikuwa ananitazama mimi, hata kipofu angeona!

Tena mwanangu anasema mtoto ameanza kushika kiti na kusimama. Kutembea ni wakati wowote. Hatua ya kwanza hiyo, aione nani?

Nimekaa nikafikiri. Chuma kinazuia waifai. Ruta mpya ipo sebuleni, kwenye kimeza kifupi. Ya kwangu inalishwa kwa waya, haitadhurika. Nimeshusha ile sufuria kubwa ya shughuli, nimeisugua hadi inang'aa. Nimeijaribisha pale sebuleni mkwe akiwa bafuni.

Inaifunika yote, na nyaya zinapita.