Ufunguo Mmoja, Mtaa Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa usalama wa mtaa. Ofisa wa kata alikuja na karatasi kubwa yenye nguzo za rangi. Nguzo yetu ndiyo ndefu kuliko zote. Tukapiga makofi. Ofisa akaeleza kwa upole kwamba ile ni nguzo ya wizi wa majumbani, na kwamba sisi ndio tunaoongoza wilaya nzima. Baadhi waliendelea kupiga makofi, maana mtaa huu haujawahi kuongoza kwa lolote.

Ikaamuliwa: Jumamosi ya wiki ijayo tuchague mwenyekiti wa usalama. Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka langu, hakungoja hata ofisa akae. Alisema kila nyumba iwe na filimbi. Mwizi akiingia, piga filimbi, mtaa mzima utoke. Watu wakamshangilia. Kisha akanigeukia, akasema bila shaka mwenzetu Mipango naye ana mpango wake, ila mipango si matumizi. Kicheko! Hata mke wangu alicheka. Nilimwona.

Mipango ni jina walilonibandika baada ya ule mradi wa miavuli wakati wa kiangazi. Sitaki kuuzungumzia.

Jambo lenyewe ni hili. Mama mkwe amefika jana. Duka langu la misumari, bawaba na mabomba lilianza kwa mtaji wake. Amesema amekuja kupumzika. Uongo! Nimemsikia akimwambia mke wangu jikoni kwamba nikiharibu jambo moja tu tena, duka linakwenda kwa shemeji, yule mwenye diploma ya biashara ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti. Kwa hiyo uenyekiti lazima niupate. Mwenyekiti hanyang'anywi duka.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Filimbi inaita watu mwizi akishaingia. Kufuli inamzuia asiingie kabisa. Kinyozi hakuliwaza hilo kwa sababu anashinda akishika vichwa vya wenzake.

Nilikwenda kwa muuzaji wa jumla nyuma ya stendi. Ana katoni za kufuli nzito za kijivu, zimechorwa simba mwenye jicho moja. Bei ya kutupa. Nikamuuliza mbona rahisi hivyo. Akasema kiwanda kilizitoa zote kwa mkupuo mmoja, ni za tumbo moja. Nikafurahi, maana undugu ni kitu kizuri. Nikabeba zote.

Mke wangu akauliza kama nimezijaribu. Nikamjibu kwamba nimejaribu moja, na imefunguka vizuri sana.

Alhamisi, 6 Machi

Zimekwisha! Mlango kwa mlango, ghorofa kwa ghorofa. Mama Mkaa, anayeuza mkaa hapo chini, kachukua. Mwalimu mstaafu wa chumba cha pembeni kachukua. Kapera wa juu yetu, fundi simu, kachukua. Hata wapita njia wamenunua. Kinyozi mwenyewe kanunua, akijidai anamnunulia dada yake, kisha nikamwona anaitundika kwenye kibanda.

Filimbi zake nazo zimegawiwa. Watoto wanazipiga tangu alfajiri. Hakuna anayegeuza shingo.

Jioni, tukio dogo. Mama mkwe alitoka sokoni, akapanda ghorofa moja zaidi. Akafungua mlango kwa ufunguo wake, akaingia. Alishangaa kidogo kuona tumebadilisha kitanda, lakini hakusema, kwa kuwa hategemei akili kutoka kwangu. Akaosha vyombo, akachemsha viazi, akalala. Kapera akarudi kazini, akakuta chakula cha moto mezani na bibi kizee kitandani. Akala kimya kimya, akaketi kwenye kigoda kungoja aamke. Alipoamka akamuuliza anatafuta nini katika nyumba ya binti yake. Kapera akaomba radhi, akatoka nje.

Mke wangu amemrudisha mama yake chini. Mama mkwe hakubali kosa. Anasema ufunguo ulifungua, basi nyumba ni yake.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipanda juu, nikajaribu ufunguo wangu kwa kapera. Ukafungua. Nikashuka kwa mwalimu. Ukafungua. Kwa Mama Mkaa. Ukafungua. Nikavuka barabara, Kinyozi akiwa hajafika. Ukafungua! Nikajaribu hata kufuli ya choo cha soko, ambayo sikuiuza mimi. Ikakataa. Nikapata faraja kidogo.

Jasho. Mtaa mzima una ufunguo mmoja, na aliyeugawa ni mimi. Hili likijulikana kabla ya Jumamosi ijayo, uenyekiti kwaheri, duka kwaheri, na shemeji atakaa kwenye kiti changu akipiga miayo ya kisomi.

Lakini sijaitwa Mipango bure. Nimetangaza huduma ya bure: leteni funguo nizisafishe. Nitazipitishia tupa, kila mmoja niupunguze jino mahali tofauti. Zikitofautiana funguo, kufuli nazo zitatofautiana. Nimeanza na ufunguo wa Kinyozi, ili aone ukarimu wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Kufuli hazikutofautiana.

Kinyozi alifunga kibanda aende kununua wembe, akamwacha mteja barazani amenyolewa nusu kichwa. Aliporudi, ufunguo ukagoma. Akasukuma, akavuta, akaitukana kufuli. Mteja akaanza kulia kwamba ana posa leo saa tisa na ukweni hawawezi kumpokea vile. Mama Mkaa akawa anapita na gunia. Akasema, kwa huruma tu, hebu jaribu wangu. Ukafungua.

Kinyozi aliutazama ule ufunguo. Akaitazama kufuli. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa chini ya meza ya duka, natafuta msumari.

Kinyozi akinyamaza, ujue kuna jambo.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo ya ajabu yanatokea. Kuna watu wanaingia majumbani!

Tulirudi kutoka dukani tukakuta vyombo vimeoshwa. Mchana mvua ilinyesha ghafla, sote tukiwa kwenye shughuli zetu, na jioni nguo za jengo zima zimekutwa ndani, zimekunjwa, ila kila moja kwenye chumba kisicho chake. Naandika haya nimevaa suruali ya mwalimu. Mwalimu anasema pasi yake aliiacha inawaka, akaikuta imezimwa na shati limenyooshwa. Jikoni kwetu kuna sufuria ya maharage ambayo si yetu, na mke wangu anaikoroga kila akipita. Nilipomuuliza ni ya nani, akasema nisiulize maswali, yasije yakaungua.

Wezi gani hawa wanaofua na kupiga pasi? Nimechunguza: hakuna kilichopotea. Hiyo ndiyo inayonitisha zaidi. Bila shaka wanatuzoesha kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Mwizi kakamatwa! Na mimi sikuwepo! Nilikuwa nimejificha stoo kwa kuwa Kinyozi alikuwa anavuka barabara.

Nimekusanya habari hivi. Mtu aliingia chumbani kwa mwalimu mchana kweupe, kwa ufunguo. Ndiyo, wa kwangu. Alinunua kufuli kwangu wiki iliyopita alinde chumba chake, maana amesikia mji huu una wezi. Akajaribu ufunguo kwenye mlango mwingine, kwa mazoea ya kazi, akaona neema imemshukia.

Ameshika redio ya mwalimu mkononi, mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, amefuata chumvi. Akadhani ni mpwa wa mwalimu. Akamsalimu, akamkemea kwa kusimama bure wakati kuna viazi, akamketisha na kisu na beseni. Mara mlango tena: kapera, kaja kuazima pasi. Akamwomba amshikie kola. Mara Mama Mkaa, kaja kuangalia kama maharage yake yamehamia huku. Akaviona viazi, akaongeza vya kwake. Kila alipoinuka mwizi, mlango ulifunguka na mtu akaingia na kazi. Akajikata kidole gumba. Mama mkwe akakifunga kitambaa, akamwambia aendelee na mkono mwingine.

Hatimaye aliiona filimbi ya mwalimu ukutani, akaipuliza mwenyewe kwa nguvu zake zote. Nani atoke? Filimbi zinalia tangu wiki iliyopita. Basi akaruka beseni, akakimbilia kituo cha polisi kwa miguu yake, akaomba afungiwe. Alimwambia Koplo wa zamu kwamba mtaa ule hauna ustaarabu, mtu hawezi kuwa peke yake ndani ya nyumba.

Nilipotoka stoo nilimwona kisogo tu, anakata kona, Mama Mkaa nyuma yake akimdai amalize viazi.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya hukumu. Ukumbi ulijaa. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Shemeji naye kaja! Na tai! Anasema alikuwa anapita tu.

Ofisa wa kata akafungua kwa kusema kwamba nguzo yetu wiki hii haionekani kwenye karatasi, mpaka alidhani mchapaji amesahau. Wizi hakuna. Nikaanza kutabasamu. Hapo Kinyozi akasimama.

Alikuwa amefunika meza kwa shuka jeupe, lile analowavisha wateja. Akalivuta. Kufuli! Alikuwa ameziazima mtaa mzima. Akauazima ufunguo wa Mama Mkaa, akaanza kuzifungua moja baada ya moja, polepole. Tak. Tak. Tak. Nilitamani sakafu ipasuke. Shemeji alirekebisha tai. Kinyozi akamaliza, akasema: "Huyu ndiye mnayetaka awalinde."

Nikangoja mawe.

Mama Mkaa ndiye aliyeanza. Akasema yeye alijua tangu Jumamosi ile, lakini alidhani ni ufunguo wake tu wenye baraka, akaogopa kuusema usije ukaharibika. Kapera akasimama, akakiri kwamba yeye ndiye aliyezima pasi. Mwalimu akakiri kuwa anasikiliza mpira kwetu kila mchana, kwa sababu redio yetu inashika vizuri. Mmoja baada ya mwingine! Kumbe wote walikuwa wanajua, na kila mmoja alidhani anajua peke yake. Sasa mwizi aingie wapi, wakati hakuna chumba kisicho na mtu wa chumba kingine?

Nilikuwa sijapumua bado. Mama mkwe akainuka.

"Mimi nimejua tangu siku ya viazi vya kapera," akasema. "Mkwe wangu nimemtazama siku zote hizi nione kama ataungama au atakimbia. Kaingia stoo. Sawa. Lakini katika nyumba ile nimekaa na watu, na mjini kote nilikopita sijawahi kukaa na watu. Duka libaki kwake." Akanigeukia. "Mpaka utakapokosea tena, baba. Mara moja tu."

Nimechaguliwa! Kwa kura nyingi! Kinyozi amefanywa msaidizi wangu, na filimbi zote zimekusanywa. Nilitaka kulia, nikalia. Mke wangu alinipa leso. Ilikuwa ya mwalimu.

Jumatatu, 17 Machi

Heshima juu ya heshima. Koplo amekuja mwenyewe dukani. Amesikia sifa zangu. Kufuli ya mahabusu imeliwa na kutu, anaomba nimpatie mpya na imara.

Mke wangu amenishika mkono, akaniambia kwa sauti ndogo: "Baba watoto, safari hii nenda duka jingine. Nakuomba." Nimemtuliza. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimekwenda kwa yule muuzaji nyuma ya stendi, nikamwambia macho makavu kwamba sitaki tena zile za kijivu. Akanitolea nyekundu. Simba ana macho mawili. Nikajaribu moja, ikafunguka vizuri sana.

Ijumaa, 21 Machi

Siku njema, ingawa imeanza na kelele. Koplo alikuja anahema. Mahabusu wake wameondoka wote. Kufuli haikuvunjwa, haikukwaruzwa, tena walipotoka waliifunga nyuma yao. Nikamwambia sasa hapo kufuli ina kosa gani? Amesema atarudi na mkubwa wake. Nadhani anataka aje aagize nyingi zaidi.

Saa nne akaja mteja mpole, gumba limefungwa kitambaa. Mstaarabu sana. Amesema amehama chumba kwa ghafla na anahitaji kufuli. Ufunguo anao tayari, akautoa kwenye soksi, anasema umemfaa sana na hapendi kuuacha. Anataka kufuli tu itakayoukubali. Nikachukua nyekundu ya kwanza iliyokuwa mbele yangu. Ikaukubali papo hapo! Nilimpunguzia bei, mteja wa namna hiyo hapatikani kila siku. Akaniuliza kwa adabu kama yule bibi wa viazi bado anakaa hapa. Nikamwambia yupo, akipenda apande amsalimu. Ameondoka haraka, nadhani ana shughuli.

Mama mkwe alikuwa dirishani wakati mteja anavuka barabara. Tangu hapo yuko kwenye simu na shemeji, anamwambia avae tai yake na aje leo leo. Atakuwa anataka mwanawe aje kujifunza biashara kwangu. Nimemwandalia kigoda karibu na misumari.