Waya Mbili kwa TV Moja

Alhamisi, 7 Agosti

TV mpya imewaka katika banda langu la gemu hapa Kanoni. Rangi zile za HDR! Nyasi za uwanjani mbichi kuliko kibanja changu. Nimeandika ubaoni: HDR, PICHA 120 KWA SEKUNDE, NYAKASIMBI HAWANA. Elipidius, mwenye banda la Nyakasimbi, ajisomee. Saa kumi picha ikazima. Ikarudi. Ikazima tena. Binti yangu Agnetha akaweka padi ya kuchezea chini. Akanikumbusha kuwa Jumapili anacheza fainali hapahapa na Edgar, kijana wa Elipidius, na amejifua miezi mitatu. Ameomba kitu kimoja tu, picha isizime. Nimemwahidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Fundi Uwamahoro amekuja kutoka Kimuli. Kashika waya wa HDMI unaopeleka picha kwenye TV, kacheka. Eti ni wa zamani, na HDR pamoja na picha 120 ni mzigo mkubwa, haupiti wote. Sawa na kunywa kibuyu kizima cha pombe ya rubisi kwa mrija mmoja, alisema. Ninunue waya wa kisasa, au nipunguze: HDR izimwe, picha zibaki 60. Nipunguze! Na ubao je? Alipokuwa anakunywa chai nikawaza. Harusini kwetu kibuyu kimoja hutiwa mirija mingi, na rubisi inaisha upesi. Basi! Waya mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepata waya wa pili na kidude cha kuziunganisha. Zote zimechomekwa. Mke wangu Benadeta kauliza kama TV yenyewe imeambiwa. Mwanamke huyu! Picha inazima zaidi kuliko juzi. Agnetha kasimama mlangoni, kaangalia, kaondoka. Limeniuma hilo. Nikafungua mipangilio, kidole kikawa juu ya kitufe cha kuzima HDR. Mara Elipidius huyo na pikipiki yake, kapunguza mwendo, anasoma ubao. Nikaacha.

Jumapili, 10 Agosti

Watu wamejaa baada ya ibada. Mechi nzima, picha haikukonyeza hata mara moja! Agnetha kamfunga Edgar mbili kwa moja. Nimelia mbele za watu, wala sioni aibu. Elipidius kanipa mkono, kauliza siri. Nikamwonyesha waya mbili. Agnetha akainama, mabega yakimtikisika. Furaha, maskini.

Jumatatu, 11 Agosti

Hujuma! Nimekuta HDR imezimwa, picha zimewekwa 60. Nikajua ni Elipidius. Kumbe siye. Agnetha kakiri mwenyewe: jana asubuhi, nikiwa kanisani. Kasema aliogopa kushindwa kwa sababu ya ubao.

Nimemtazama sana mtoto huyu. Kama ameshinda kwa picha iliyopunguzwa, akipata kamili itakuwaje? Nimemsamehe. Jumapili ijayo anakutana hapahapa na bingwa wa Kyerwa. Nimewasha HDR, nimerudisha 120, na nimeagiza waya wa tatu.