Mpaka Rangi na Roketi Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Kifurushi kimefika kutoka kwa binti yetu. Nilitarajia soksi. Si soksi! Ni kidude cha michezo ya video, kidogo kama kipande cha sabuni kilichokwisha nusu, chenye vidhibiti viwili na waya wa kuchomeka kwenye televisheni. Ndani yake mna michezo ile ile tuliyoicheza ujanani, mimi na Shemeji, katika ukumbi wa nyuma ya stesheni, tukipanga foleni kama watu wanaosubiri kuteuliwa kuwa mabalozi.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, fundi cherehani mstaafu. Tangu alipofiwa na mkewe anaishi katika chumba chetu cha uani. Ni mtu mwema. Katika suala la michezo ya video, amepotoka.

Nilimweleza kwa upole kwamba mchezo ulio bora kuliko yote ni Mpaka Rangi. Mtu ana ngazi, ana ndoo, anapaka ukuta, njiwa wanauchafua, anapaka tena. Ni maisha yenyewe! Shemeji alicheka hadi akashika mbavu. Akasema huo ni mchezo wa watu waliokatazwa na daktari kusisimka. Kwake hakuna kama Roketi Tatu, ambamo kazi ni moja tu: kufyatua na kuangamiza. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Akaniambia mimi nimestaafu kila kitu isipokuwa kufundisha. Sauti zikapanda. Sufuria ikaungua.

Mke wangu ni muuguzi mkuu wa zahanati ya watoto. Alirudi akakuta moshi jikoni na wazee wawili sebuleni wakivutana waya. Hakupaza sauti, nayo ni dalili mbaya. Alisema kwamba kabla ya Jumapili adhuhuri anataka kuona kwenye mlango wa friji orodha moja ya michezo kumi bora, yenye saini zetu sote wawili. Ikiwa hatuwezi kukubaliana hata juu ya hilo, kidude kitakwenda zahanati, kwenye chumba cha kusubiria, ambako watoto hawana cha kuchezea ila lori lisilo na magurudumu.

Hatanii. Redio ya Shemeji aliigawa hivyo hivyo, katikati ya mechi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na suluhisho. Mimi nilikuwa mtahini. Mtahini hapendelei mtu. Anafuata mwongozo wa usahihishaji. Basi nimeandaa mwongozo wa alama mia moja. Alama arobaini: je, mhusika ana kazi halali? Alama thelathini: je, mchezo unapokwisha, dunia ni safi kuliko ilivyokuwa? Alama ishirini: matumizi ya ngazi. Alama kumi: mengineyo.

Nilisahihisha kwa haki tupu. Mpaka Rangi ulipata tisini na nane. (Nilikata mbili ili pasiwe na maneno.) Roketi Tatu ulipata nne, kwa kuwa maandishi yake yanasomeka.

Shemeji alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. Akasema ameshona suti maisha yake yote, lakini hii ndiyo ya kwanza kuiona ambayo imeshonwa kwanza, kisha ndipo akatafutwa mtu wa kuivaa. Na aliyepatikana, Shemeji alisema, ameshika ndoo.

Kisha akauweka mwongozo wangu chini ya kikombe chake cha chai. Kazi ya asubuhi nzima! Ina duara la kahawia katikati.

Jumatano, 5 Machi

Dawa ya moto ni moto. Shemeji hujigamba kwamba ujanani aliivuka sayari ya tano katika Roketi Tatu. Nikamwekea sharti: aivuke leo mbele ya macho yangu, au aushushe mchezo wake hadi nafasi ya pili. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mtu mwenye kiburi ni rahisi kumtega.

Baada ya chakula cha mchana alijinyoosha kwenye kochi akasinzia. Nilichukua kidhibiti chake na kijiko cha asali. Tone moja tu, chini ya kitufe cha kufyatulia. Fikra yangu ilikuwa hivi: kitufe kilichonata hakibonyezeki, na kisichobonyezeka hakifyatui.

Kitufe kilibonyezeka. Ila hakikurudi juu! Roketi zilitoka mfululizo kama mvua ya masika. Shemeji aliivuka sayari ya tano, ya sita, na nyingine ambazo sikujua kuwa zipo, huku akijikuna mgongo kwa mkono wa pili. Mwishoni skrini ilirusha fataki ikamwomba aandike jina la bingwa. Aliandika SHEMEJI WA MWALIMU. Litakaa pale milele.

Alasiri sisimizi walipita juu ya televisheni wakaingia ndani ya kidhibiti kwa mstari ulionyooka. Mke wangu aliuliza kwa nini televisheni ina sisimizi. Nikasema ni hali ya hewa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekumbuka kanuni ya watahini: wasahihishaji wawili wakitofautiana, huitwa wa tatu, na alama yake ndiyo husimama. Shemeji alikubali, mradi wa tatu awe mtu asiyejua lolote kuhusu michezo hii. Tukamteua Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na lango letu.

Mkono mtupu haulambwi. Nilimtangulia Shemeji kibandani nikaomba kunyolewa, ingawa nilinyolewa juzi. Kinyozi aliuliza anyoe nini hasa. Nikamwambia atafute. Alipokuwa akitafuta, nilizungumza, kama mtu anayejizungumzia tu, juu ya uzuri wa ngazi, heshima ya rangi nyeupe na ubaya wa vita. Aliitikia, ndiyo Mzee, kabisa Mzee. Nilitoka na kichwa kinachong'aa na moyo mweupe.

Kinyozi alifika saa kumi, akaketi, akashika kidhibiti. Aliujaribu Mpaka Rangi, akapiga mwayo. (Alikuwa amechoka, kazi yake ni ya kusimama.) Akajaribu Roketi Tatu, akaomba kelele zipunguzwe. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akafungua Mwokaji, mchezo wa kudaka mikate inayoanguka kutoka ghorofani! Mchezo ambao mimi na Shemeji hatukuwahi hata kuutaja! Alidaka mikate hadi chai yake ikapoa. Akatamka kwamba huu ndio wa kwanza, na mingine yote ni kelele na kuta.

Hukumu ya wa tatu husimama. Hata hivyo, nilikumbuka papo hapo kwamba kanuni hiyo ilikwisha kufutwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi amerudi. Amekuja na mteja aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa, ili naye aone mikate. Waliketi kwenye kochi letu kama wenye nyumba. Mteja alidaka mikate vizuri kuliko Kinyozi, wakaanza kununiana.

Mimi na Shemeji tulisimama nyuma yao tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu tuliona jambo kwa jicho moja: Mwokaji ni upuuzi mtupu. Shemeji alinong'ona kwamba hata mwokaji mwenyewe hana aproni. Nilinong'ona kwamba hana leseni. Tuliwatoa kwa hila, tukisema kidude kinahitaji kupumzika.

Kisha tukakaa mezani, na ajabu ikatokea. Nafasi ya tatu hadi ya kumi tulizipanga kabla chai haijapoa! Yeye aliachia, mimi niliachia. Mbio za Matope, nafasi ya tatu, hewala. Kiberenge, ya nne, hewala. Ilibaki ya kwanza tu, maana atakayeshindwa atakuwa wa pili.

Kwa furaha tulicheza Kiberenge pamoja, mchezo wa wawili: mmoja anatia makaa, mwingine anashika usukani. Shemeji aliita majina ya stesheni kwa sauti ya puani. Niliangusha garimoshi mtoni mara kwa mara, naye akawa anawaomba radhi abiria. Tulicheka hadi machozi. Alisema, akiifuta miwani, kwamba hajacheka hivi tangu mama watoto alipoondoka, na kwamba ingekuwa vibaya kidude kikituponyoka kwa ajili ya ubishi. Nilisema ni kweli.

Lakini nafasi ya kwanza ni ya Mpaka Rangi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeipata! Nashangaa sikuiona mapema.

Shemeji ni mtu aliyelelewa vizuri. Mpe kitu bure, ataona haya, atakurudishia na nyongeza. Basi nitajisalimisha. Nimeandika orodha kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: Roketi Tatu, wa kwanza; Mpaka Rangi, wa pili. Nimeitia saini. Shemeji atakapoona ukarimu huu, atasema, la hasha Mwalimu, haiwezekani, wewe ndiwe mwenye nyumba. Atazigeuza nafasi kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikwenda kwenye friji na sumaku yangu. Tayari palikuwa na karatasi! Mwandiko wa Shemeji. Mpaka Rangi, wa kwanza. Roketi Tatu, wa pili. Saini, na chini yake maneno: Kwa heshima ya Mwalimu.

Fedhuli! Alikuwa ananitega kwa ukarimu! Nikabandika yangu kando ya yake.

Mke wangu alikuta orodha mbili, akafurahi. Alisema kazi imekwisha: mmoja wetu aitie saini orodha ya mwenzake, basi. Nilimwambia Shemeji asaini yangu, maana mimi nimejitoa zaidi. Akasema yeye ndiye aliyetangulia kujitoa. Karatasi yake ilikuwa kwenye mlango wa friji wakati mimi bado nachonga penseli. Nikasema kutangulia si kuzidi. Akasema mimi hata nikiwa mkarimu nataka kushika namba moja. Tangu hapo yeye ananisisitizia kwamba Mpaka Rangi ni mchezo mtukufu, na mimi namsisitizia kwamba hakuna raha kama kulipua sayari. Tumepiga meza wote wawili.

Mke wangu alisikiliza kidogo, akachukua mkoba wake akaenda kwa dada yake.

Jumapili, 9 Machi

Hadi saa nne: Shemeji hajasaini.

Saa tano: nilipita karibu na friji mara kadhaa huku nikikohoa. Naye alipita. Tulifungua friji, tukafunga friji. Maji yote ya baridi tumekwisha kuyanywa.

Saa sita kasorobo alisema angesaini kama ningemsihi kidogo. Nilisema mimi pia. Tukangoja kusihiwa.

Saa sita kamili mke wangu alirudi kutoka kwa dada yake, akakiweka kidude na vidhibiti vyake ndani ya mkoba wa kazi, akavuta zipu. Alisema kwa utulivu kwamba amewahi kuona watoto wakigombania pipi, lakini hajawahi kuona watoto wakigombania kutoila hadi ikayeyuka. Shemeji akasema, dada, ngoja, nasaini! Nami nikasema nasaini! Tulikimbilia kalamu moja. Ilianguka nyuma ya friji.

Aliondoka.

Sebule ni kubwa kuliko nilivyodhani. Tulitazama taarifa ya habari. Katikati ya hali ya hewa Shemeji aliita jina la stesheni kwa sauti ya puani, polepole. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 12 Machi

Nimejitolea kuwasomea hadithi watoto wa zahanati. Ni wajibu wa kila mwalimu mstaafu. Nilivaa tai.

Nilipofika chumba cha kusubiria, nani yuko juu ya kigoda akipima mapazia kwa utepe? Mapazia mapya! Shemeji alisema anajitolea pia. Mke wangu alipita na kipimajoto, akauliza kama tumekuja na mgonjwa. Shemeji alininyooshea kidole.

Kidude kipo kwenye kona, na kinatawaliwa na msichana mwenye meno machache na mkono mmoja uliofungwa plasta ngumu. Anacheza kwa mkono uliobaki. Alituambia tukae nyuma ya wenye homa, maana foleni ni foleni, Babu. Tulikaa. Zamu yangu ilipofika alinishinda katika Mpaka Rangi, akanionyesha kwamba njiwa wanafukuzika kwa kitufe ambacho sikuwahi kukigusa maisha yangu yote. Shemeji alimshinda mtoto mwenye surua, akashangilia mno, akaombwa aendelee na mapazia.

Lakini nilipogeuka! Ukutani, kwa penseli za rangi, watoto wamebandika orodha yao. Roketi Tatu umeshindwa na ukurasa wa kuchagua lugha. Na Mpaka Rangi ni wa mwisho, chini ya mchezo ambao haufunguki!

Nilimwambia msichana, kwa upole, kwamba orodha hiyo ina kasoro za kitaalamu, na kwamba ninao mwongozo. Aliuliza mimi ni nani. Shemeji akasema, msamehe, mjukuu, huyu ni mgonjwa wa siku nyingi.

Tulirudi nyumbani pamoja tukibishana njia nzima, na lazima nikiri kwamba ilikuwa safari fupi na nzuri. Shemeji amekwenda kulala. Hajui ninachokijua.

Kesho nitawahi kufika. Nitasimama mbele ya watoto wote, nitasema kwamba orodha yao ni sahihi kabisa, nitaitia saini yangu chini kwa moyo mkunjufu. Msichana ni mtoto aliyelelewa vizuri, ataona haya. Atasema, la hasha Babu, haiwezekani, Mpaka Rangi uwe wa kwanza.

Nimeutazama mpango huu kila upande. Sioni pa kushindwa.