Ombi la Kurudishiwa Grisi Nyeusi na Kelele Zake

Kwa Meneja wa Mitambo,
Kiwanda cha Sabuni.

Ndugu Meneja,

YAH: KIMYA KISICHOVUMILIKA KWENYE MASHINE YA KUKATA SABUNI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na masikio. Mimi masikio ninayo, na ndiyo yaliyoniponza.

Mimi ni yule mkata sabuni wa mashine tuliyoibandika jina la Kigelegele. Miaka yote ilitiwa grisi nyeusi, nzito kama uji uliolala, nayo ikapiga kelele tangu kengele ya kuingia mpaka ya kutoka. Mwezi uliopita ukaamuru iletwe grisi nyeupe. Fundi wa grisi akaja na pampu yake, akaisukuma ile mpya kwenye kila beringi mpaka ya zamani ikatoka yote upande wa pili, maana alisema hizo mbili hazipatani: zikichanganyika zinalegea na kuchuruzika. Akafuta mikono, akawasha mashine. Kimya! Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, sikujua kwamba nashangilia msiba wangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Anayefunga sabuni ng'ambo ya mkanda, uso kwa uso nami, ni mama mkwe wangu. Kwa heshima ya ukwe na kwa msaada wa Kigelegele, tumeishi kwa amani kubwa. Yeye alizungumza, mimi nikatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, mama." Sikuwahi kusikia hata neno moja. Hakuna mkwe aliyesifiwa kama mimi.

2. Siku ya kwanza ya kimya nikamsikia. Alikuwa ananishukuru. Ananishukuru kwa kukubali kwamba akistaafu mwisho wa mwezi huu ahamie kwetu, chumba cha mbele chenye dirisha, ambamo mimi na mke wangu tunalala. Kumbe nilishakubali! Nilikubali pazia libadilishwe. Nilikubali redio yangu iende stoo. Nilikubali pia, kwa ndiyo tatu mfululizo, kuacha kukoroma.

3. Mtu aliyezoea kelele huongea peke yake. Kila baada ya "Ndiyo, mama" nilikuwa naongeza yangu ya pembeni kuhusu mwendo wake, ushauri wake na namna anavyonitazama ninapokula. Hayakumdhuru mtu, yalizama humo humo kwenye kelele. Sasa nalazimika kuyasema kwa midomo mitupu, bila sauti, na sauti isiyotoka inanijaa tumboni. Mke wangu anadhani ni gesi.

4. Ofisi imetangaza kwamba grisi mpya inapunguza msuguano. Si kweli. Msuguano umehama tu, umetoka kwenye chuma umeingia kwa watu. Mpanga maboksi na msimamizi, marafiki wa kufa na kuzikana, wamesikilizana kwa mara ya kwanza na sasa hawasalimiani. Mchemsha mafuta naye amegundua kwamba wimbo anaouimba kila siku haufanani na wimbo wenyewe, amenuna.

5. Kwa hiyo naomba grisi nyeusi irudi kabla ya mwisho wa mwezi. Katika kimya hiki siwezi kumwambia mama mkwe hapana, atanisikia. Katika kelele nitamwambia kila siku, tena kwa sauti ya juu, na heshima itabaki palepale. Nyeusi ikikosekana, zichanganywe. Fundi anasema beringi zitakufa. Zife! Beringi zinauzwa dukani, mkwe mwenye adabu hauzwi. Hilo nalo likishindikana, grisi yote itolewe, na mashine ikishika moto nitakuwa wa kwanza kubeba ndoo, kwa furaha.

Nisalimie fundi wa grisi, ingawa amenivunjia nyumba. Nisalimie mhasibu, karani, mlinzi wa geti, na yeyote ofisini anayefanya kazi karibu na mkwe wake.

Wako mtiifu, anayesikia kila kitu,

Mkata Sabuni wa Kigelegele

N.B. Barua hii nimeiandika saa ya chakula, nimekaa palepale kwenye mashine, kila sentensi naisoma kwa midomo bila sauti. Mama mkwe alikuwa ng'ambo anakula. Nilipotia sahihi akaniambia niongeze kwamba pazia litakuwa la kijani.

Ndipo nilipojua. Wanawake wa kufunga sabuni wamezeekea kwenye zile kelele. Pale hakuna anayesikiliza kwa masikio, wote husoma midomo. Yangu yote ya pembeni ameyasoma tangu siku ya kwanza. Nilitamani ardhi inimeze. Akasema, "Mkwe wangu, hayo mengine niliyafuta kama grisi mkononi. La kukoroma nilikutania tu. Ila siku ile mwanangu amelazwa kujifungua, ulikuwa unakata sabuni huku unamwomba Mungu akuchukue wewe, amwache yeye. Ulidhani hakuna anayekuona. Nikasema basi, uzee wangu nitaupeleka kwa huyu."

Nimelia mbele ya msimamizi. Ndugu Meneja, ombi la hapo juu lifutwe, grisi nyeupe ibaki. Badala yake naomba ruhusa ya siku moja, nikahamishe kitanda chake. Na kama stoo kuna barakoa, naomba mbili, moja ya kazini na moja ya nyumbani.